Kiswahili Kipande Hadi Mahakama ya Rufani

Mjadala kuhusu lugha ya mahakama nchini Kenya aghalabu huishia kwa hakimu, kwani mahakama za chini huruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili. Huko juu mambo ni mengine. Sheria ya utaratibu wa kesi za madai, kifungu cha 86, hutaja Kiingereza pekee kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Ile ya jinai, kifungu cha 198, huiwekea Mahakama Kuu sharti hilohilo. Kwa maoni yetu, Kiswahili kimezuiwa pale hasa kinapohitajika.

Tumfikirie shahidi wa Buna, kaskazini mwa Wajir, anayesema Kisomali au Kiborana. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu: mkalimani huyageuza maneno yake, nayo huandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa akikata rufani, majaji wa Mahakama ya Rufani, kwa kawaida watatu, hupaswa kuupima upya ushahidi wote. Wajibu huo ulisisitizwa mwaka 1972 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri. Hata hivyo, majaji hao hawamwoni shahidi wala hawamsikii. Husoma kumbukumbu tu. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia hutenganishwa na neno moja. Likipotea kinywani mwa mkalimani, majaji watalitoa wapi?

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama ya mzee wa Buna. Hawakosei. Ndiyo maana ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Lakini Kiswahili, ambacho ibara ya 7 imekifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza, hueleweka na wengi zaidi ukumbini, na kosa la tafsiri huweza kupingwa papo hapo. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama.

Basi vifungu hivyo virekebishwe, na sauti ya shahidi ihifadhiwe katika lugha yake pamoja na kumbukumbu. Nasi wanakiswahili tusiishie kudai. Idara zetu zifundishe ukalimani wa mahakamani baina ya Kiswahili, Kisomali na Kiborana, na zisanifu istilahi za sheria. Mlango ukifunguliwa leo bila wakalimani, nani ataingia?