Ombi limefika mara mbili, aliyekula ni nani?

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na si kwa sababu ya majaribio kama nilivyowadanganya baadhi yenu. Ni aibu tu. Leo nimeamua niseme. Wale msiosoma kompyuta vumilieni, nitajitahidi lugha iwe ya kawaida. Na nyie wa kompyuta msinikimbie, maana ugomvi wangu hasa ni na nyie (mimi nikiwa wa kwanza).

Iko hivi. Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba kijijini kwetu, wilaya ya Kibondo, upande wa Nduta. Nduta wengi mnaijua kwa habari za wakimbizi wa Burundi: kambi ilifunguliwa tena Oktoba 2015, na mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Sisi tuliokulia jirani tunaijua pia kwa mtandao unaozingua. Unatuma kitu, kinaganda, hujui kimeenda au hakijaenda. Unatuma tena.

Likizo iliyopita nikamtengenezea shangazi mfumo. Wanakikoba karibu wote wana vitochi, kwa hiyo habari ya tovuti haikuwepo kabisa. Mwanachama anabonyeza nyota, tarakimu, reli, anachagua "Nunua hisa", anaandika kiasi, anaambiwa asante. Fedha zenyewe zinaingia kwenye sanduku la kufuli tatu kama siku zote. Mfumo ulichukua nafasi ya kauntabuku tu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Mkutano wa pili wakafungua sanduku. Mfumo unasema 446,000. Sanduku lina 411,000. Pungufu 35,000.

Mzee mmoja akasema kompyuta haina tumbo, kwa hiyo aliyekula ni mtu. Na mtu mwenyewe nani, kama si mweka hazina? Jioni hiyo shangazi akapiga. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mwanangu, hebu angalia hiyo mashine yako, huku mimi naitwa mwizi."

Nikafungua hifadhidata. Hisa saba za 5,000 zimeandikwa mara mbili, mtu yule yule, zimepishana dakika mbili tatu. Mwizi nilikuwa mimi, kwa mkono wa Laravel.

Sasa tuelewane hapa, maana hata darasani kuna watu hawajui hili. Kitochi kikibonyezwa nyota na reli, mwisho wa safari ni ombi la kawaida la HTTP. Kampuni za kuunganisha kama Africa's Talking ya Nairobi zinapokea menyu kutoka mtandao wa simu, halafu zinakutumia POST kwenye anwani yako: sessionId, serviceCode, phoneNumber na text. Mtu akichagua 1 kisha akaandika 5000, text inakuja "1*5000". Wewe unajibu maandishi yanayoanza na CON kama bado mnaongea, au END kama mmemaliza. Kila hatua ya menyu ni ombi jipya. Kwa hiyo bibi wa Kibondo mwenye kitochi cha tochi anaongea na kontrola yako sawa sawa na mtu wa Masaki mwenye laptop. Tofauti ni kwamba menyu haisubiri. Ukichelewa sekunde chache, inakatika.

Na mimi nilichelewa. Kontrola yangu ilikuwa inafanya mambo matatu kwa mpangilio huu: inaandika hisa, inamtumia mwanachama SMS ya risiti, halafu ndiyo inajibu END. Ile SMS ilikuwa inakwenda kugonga mlango wa seva nyingine na kusubiri. Watu ishirini wamekaa chini ya mwembe wanabonyeza kwa wakati mmoja, foleni inajaa, menyu inakatika. Mwanachama anaona imeshindikana. Lakini hisa imeshaandikwa zamani! Naye kwa uaminifu kabisa anarudia.

Hapo ndipo penye maoni yangu. Huku chuoni tukisema "nimejua Laravel" au "nimejua Django" tunamaanisha tumejua njia ya ombi ndani ya nyumba: linaingia mlango mmoja, linapita kwa walinzi wa kati, linalinganishwa na orodha ya njia, linafika kwenye kontrola, jibu linarudi. Ni kazi nzuri iliyofanywa na watu wengine, Django tangu 2005, Laravel tangu 2011. Lakini hakuna fremuweki inayoweza kujua kwamba ombi hili ni lile lile la dakika mbili zilizopita. Hilo inabidi uliseme wewe. Nasi hatulisemi, kwa sababu tunajaribia kazi zetu kwenye laptop ambayo ni seva na mteja kwa pamoja. Ombi linasafiri sentimita sifuri. Lipotelee wapi?

Sheria za HTTP zenyewe zimelitaja hili miaka mingi. GET haitakiwi kubadili kitu. PUT na DELETE zikirudiwa, matokeo yanatakiwa yawe yale yale. POST haina ahadi hiyo. Ukipokea POST ya hela bila kujiuliza "na ikija tena?", umeacha mlango wazi.

Bora hata wagawaji wa chakula wa kambini enzi za kadi za karatasi. Kadi ya mgao ilikuwa na namba pembeni, ukichukua mgao wanatoboa namba ya zamu hiyo. Ukirudi dirisha lingine, tobo linakusema. Lakini fikirini mgawaji anatoboa kwanza au anatoa unga kwanza? Akitoboa kwanza na gunia likaisha, umelala njaa na kadi ina tobo. Akitoa unga kwanza na watu wakasukumana, unapita mara mbili. Inabidi viwili viende pamoja au visiende kabisa. Kwenye hifadhidata tunacho kitu hicho hicho, lakini wengi wetu tunakisoma kwa ajili ya mtihani.

Nilichofanya kurekebisha: SMS nimeitoa kwenye njia ya jibu, inasubiri kwenye foleni ya nyuma, END inatoka kwanza. Halafu sessionId nimeifanya isiweze kuandikwa mara mbili kwenye jedwali la hisa, na anayekataa ni hifadhidata yenyewe. Usiweke "kama haipo, andika" ndani ya kontrola ukadhani umemaliza. Maombi mawili yakija pamoja yote yataambiwa haipo, na yote yataandika.

Nikashangilia. Nusu saa baadaye nikagundua bado. Menyu ikikatika na mtu akabonyeza upya, sessionId inakuwa mpya! Kwa mashine hayo ni maombi mawili halali. Hakuna ujanja wa programu wa kujua kama mama kanunua hisa mbili au kabonyeza mara mbili kwa hisa moja. Ni yeye tu anayejua. Basi nikamuuliza: "Saa 4:10 umenunua hisa ya 5,000 na imeandikwa. Hii ni nyingine? 1. Ndiyo 2. Hapana." Mstari mmoja wa Kiswahili ndio uliokuwa unahitajika toka mwanzo.

Lingine, na hili linaniuma kwa sababu nimeliona kwa wenzangu wanne muhula huu. POST ya kutoka nje haina ile tokeni ya fomu, kwa hiyo Laravel inaitupa na 419, Django na 403. Mtu anahangaika, anatafuta majibu, anaambiwa zima ulinzi, anazima mfumo mzima. Jamani! Iachilie njia ile moja tu inayopokea menyu, fomu zako nyingine ziache na mlinzi wake. Na hiyo njia uliyoiachilia iwekee mlinzi mwingine. Mimi nilikuwa naamini phoneNumber kama ilivyokuja. Maana yake yeyote aliyejua anwani ya seva yangu angeweza kukaa hosteli, akatuma POST yenye namba ya shangazi, na akawa shangazi. Sasa anwani ina neno la siri refu na seva inapokea kutoka IP zinazotambulika tu.

Kuhusu shangazi: Jumamosi iliyofuata walinipigia katikati ya mkutano, simu wakaiweka sauti ya nje juu ya sanduku. Nikataja zile hisa saba moja moja, jina na saa. Kila aliyetajwa akaulizwa, akasema kweli alibonyeza tena baada ya kukatika. Yule mzee hakuomba radhi, alisema tu basi mtoto aongeze masomo. Wakacheka, mimi sikucheka.

Shangazi anaendelea kuwa mweka hazina. Kauntabuku ameirudisha, anaandika kwa kalamu kwanza, ndipo wanabonyeza. Ameniambia mfumo wangu ni mzuri kwa kukumbushia. Sikubishana naye.

Mkitaka kuona ile kontrola ya zamani yenye aibu yote nitawaonyesha lab kesho mchana. Asubuhi hapana, nina jaribio saa mbili.