STIMA ISIISHIE KWENYE TAA



Mlima Menengai ni jirani yetu hapa Rongai. Tangu mwaka 2023 mvuke unaotoka chini yake unatengeneza stima, kiasi cha megawati 35. Basi si haki mkulima aliye karibu na mlima huo akamue ng'ombe wake alfajiri kwa taa ya mafuta.

Yuko mtu aliyefanya kazi ya stima karibu maisha yake yote, naye ni Mhandisi Joseph Njoroge. Aliingia katika kampuni ya stima mwaka 1980, akapanda ngazi kwa ngazi, na mwaka 2007 akawa Mkurugenzi Mkuu. Mwaka huo wateja wa kampuni katika Kenya nzima hawakufika milioni moja. Alipoondoka mwaka 2013 kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati, walikuwa wamepita milioni mbili. Kisha mwaka 2015 ukaanza mradi wa Last Mile. Mwenye nyumba iliyo karibu na transfoma, ambaye zamani alitakiwa kulipa shilingi 35,000, sasa aliambiwa 15,000, tena kidogo kidogo.

Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini mimi naona ilihesabu mita kuliko kazi inayofanywa na stima. Mradi ule ulipimwa kwa mita 600 kutoka kwenye transfoma. Mwenye ploti mjini hatatizwi na kipimo hicho, lakini ninyi wa mashamba ya skimu mmejenga mbali mbali, kila mtu katikati ya mahindi yake. Nyumba moja hupata, ya pili hukosa. Na yule aliyepata huwasha taa mbili, huchaji simu, basi. Kampuni nayo haipati faida ya kutosha kutunza waya, na nguzo ikianguka tunakaa gizani.

Kwa hiyo msiende ofisini mmoja mmoja. Kaeni kwanza katika mkutano wa chama chenu cha maziwa, mwandike majina ya wote wanaotaka, na kila mtu aseme atatumia stima kwa kazi gani: mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, pampu ya kisima, kinu cha mahindi, au tangi la kupozea maziwa ya jioni yasiharibike kabla ya gari kuja. Ombeni transfoma iwekwe mahali ambapo kazi hizo zipo, si penye nyumba ya mkubwa fulani. Ulizeni pia kama itatosha kuendesha mota, maana laini iliyowekwa kwa ajili ya taa tu haiwezi kuzungusha kinu kikubwa.

Na wale wenye mikaratusi mpakani waanze sasa kukubaliana na jirani zao, kwa sababu waya hautapita katikati ya matawi.