Kabla ya trei, magunia

Siku hizi ukipita uani kwa watu, si Mbagala si Tabata, utakuta banda la kuku wa kahawia, wale wa mayai. Na mwenye banda ana hesabu kichwani: kuku 50, mayai 45 kwa siku, trei moja na nusu, mshiko nje nje!

Hesabu yenyewe si uongo. Aina kama ISA Brown wakipamba moto hutaga hivyo. Ila jamani, kuku huyu haanzi kutaga mpaka wiki ya 18 au 20. Miezi minne na ushee anakula tu, kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Mpaka hapo kila mmoja kesha maliza kilo 6 hadi 7 za chakula. Kwa kuku 50 ni magunia 6 au 7 ya kilo 50, na hujaona hata yai la kukaanga!

Hapo ndipo wengi hudata. Mwezi wa tatu mfuko umetoboka, kijana anaanza kuwapa pumba tupu na makombo ya wali. Mwili haukomai, mayai yanachelewa, yakija ni kama ya njiwa.

Wewe mwenye vijisenti vyako, tenga kwanza fedha ya magunia. Inayobaki ndiyo ikuambie uchukue vifaranga 50 au 20. Mimi nasema 20 walioshiba ni bora, na muuza vifaranga asininunie.

Naye mtazame vizuri. Kifaranga jike wa ISA Brown hutotolewa akiwa wa kahawia, dume ni mweupe wa njano. Ukiletewa boksi la bei chee limejaa weupe, hao ni majogoo, bwana! Na jogoo wa nini? Mtetea anataga bila yeye. Kuatamia nako usimngojee, mambo hayo kayaacha kwa kuku wa kienyeji.

Chanjo ya kideri usiiruke, hata jirani akikuambia wake hawajawahi kuugua. Kideri kikiingia kinaweza kufagia banda zima kwa siku chache.

Wakishaanza kutaga, hao 50 wanakula karibu kilo 6 kwa siku, gunia halifiki siku 9. Kwa hiyo bei ya gunia na bei ya trei mtaani kwako kaulize wiki hii, kabla fundi hajagonga msumari.