MAONI YETU: KUSHINDANA SI KUSALITI



Neno "msaliti" limekuwa rahisi mno vinywani mwa watu. Katibu wa tawi akipata mpinzani, mpinzani huyo huitwa msaliti. Mjumbe wa kamati akiuliza hesabu ya ada, naye ni msaliti. Mtu akigombea kiti ambacho rafiki yake alikitaka, huyo ndiye msaliti mkubwa kuliko wote. Neno likitumiwa ovyo namna hii huisha makali, na siku atakapokuja msaliti wa kweli hatutakuwa na jina la kumwita.

Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wanachama habari za mashindano mawili ya uongozi yaliyotokea Uingereza, moja katika chama cha Labour mwaka 2010, na la pili katika chama cha Conservative mwaka 2016. Katika yote mawili watu walipiga kelele za usaliti. Sisi tunasema kelele hizo zilikuwa za haki katika shindano moja tu.

Tuanze na Labour. Chama hiki hakikuanzishwa na mabwana wakubwa. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi na jumuiya za kisoshalisti vilikutana London vikaunda kamati ya kuwapeleka wafanyakazi Bungeni, na mwaka 1906 kamati hiyo ikachukua jina la Labour. Basi tangu mwanzo vyama vya wafanyakazi vilikuwa na sauti ndani yake, na kwa miaka mingi sauti hiyo ilihesabiwa hata katika kumchagua kiongozi.

Mwezi wa Mei 2010 Labour ilishindwa katika uchaguzi mkuu, na Bw. Gordon Brown akaacha uongozi. Watu watano walisimama kukigombea kiti chake: David Miliband, Ed Miliband, Ed Balls, Andy Burnham na Bibi Diane Abbott. Wawili wa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Baba yao, Ralph Miliband, alikimbilia Uingereza kutoka Ubelgiji mwaka 1940 akiwa kijana wa Kiyahudi, akawa mwalimu wa chuo kikuu na mwandishi wa vitabu vya siasa ya usoshalisti. David ndiye mkubwa, amempita mdogo wake miaka minne. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na wengi walimtazama kama mrithi. Ed naye alikuwa Waziri wa Nishati katika serikali hiyo hiyo. David alitangaza kusimama, na siku chache baadaye Ed akatangaza pia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Magazeti yaliuliza: inakuwaje mdogo asimpishe mkubwa? Wakasema Ed amemgeuka nduguye.

Sisi twauliza: alimgeuka katika jambo gani? Kiti cha kiongozi wa chama si shamba la baba, kwamba mtoto wa kwanza ndiye ashike na wa pili angoje. Ed hakuwa amemwahidi David hadharani kwamba atamwunga mkono. Alisimama mchana kweupe, mwezi wa Mei, na kura zikahesabiwa mwezi wa Septemba. Muda wa miezi minne kila mwanachama aliwasikia wote wawili na kuwapima. Tena walitofautiana katika jambo zito. David alikuwa mbunge mwaka 2003 na aliipigia kura vita ya Iraki. Ed aliingia Bungeni mwaka 2005, na alipokuwa kiongozi aliuambia mkutano mkuu wa chama kwamba vita hiyo ilikuwa kosa. Mwenye fikira tofauti na nduguye ana haki ya kuwapelekea wanachama fikira hizo. Akizificha kwa kuogopa maneno ya watu, hao wanachama ndio atakaokuwa amewanyima kitu.

Matokeo yalitangazwa Manchester tarehe 25 Septemba 2010. Kanuni za wakati ule ziligawa kura katika mafungu matatu yaliyo sawa: fungu la wabunge, fungu la wanachama wa kawaida wa chama, na fungu la vyama vya wafanyakazi pamoja na jumuiya zilizoungana na Labour. Kila mpiga kura alipanga wagombea kwa namba, na yule wa chini alipotolewa, kura zake zilikwenda kwa aliyeandikwa wa pili. David aliongoza hesabu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika hesabu ya nne, Ed akampita. Alipata 50.65 kwa mia, na David 49.35.

Wabunge 140 walimchagua David na 122 walimchagua Ed. Wanachama wa kawaida 66,814 walimchagua David na 55,992 Ed. Lakini katika fungu la vyama vya wafanyakazi Ed alipata kura 119,405 na David 80,266. Viongozi wa vyama vikubwa, yaani Unite, GMB na Unison, walikuwa wamewashauri wanachama wao wamchague Ed. Basi kilio kikawa kwamba wakubwa wa vyama vya wafanyakazi wamewawekea watu kiongozi.

Ndugu, tazameni hesabu hiyo vizuri. Ukijumlisha watu kichwa kwa kichwa, Ed alichaguliwa na watu 175,519, na David na watu 147,220. Waliolalamika kwamba wafanyakazi wana nguvu mno hawakusema kwamba watu wasiofika 300 Bungeni walikuwa na theluthi nzima ya kura, hata kura ya mbunge mmoja ikawa na uzito wa kura za wafanyakazi zaidi ya 700. Mtu wa ofisi kubwa akiwa na uzito wa watu 700, hiyo huitwa busara. Wafanyakazi 700 wakitaka uzito wao wa kawaida, hiyo huitwa njama.

Lakini ukweli una pande mbili, na gazeti la wafanyakazi lisilowaambia wafanyakazi upande wao mbaya halina faida. Karatasi za kura zilizopelekwa kwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi zilikuwa zaidi ya milioni mbili. Waliozirudisha hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Tena katika hizo zilizorudi, zaidi ya 30,000 zilitupwa kwa kuharibika. Wanachama wa kawaida wa chama walipiga kura kwa wingi, kama saba katika kila kumi. Basi waliposema kwamba kiongozi amewekwa na makatibu wakuu wala si na wafanyakazi, ilikuwa vigumu kuwajibu. Tungejibu nini, na karatasi tisa katika kumi zimelala juu ya kabati?

Malipo ya uvivu huo yalikuja upesi. Mwaka 2013 kulitokea ugomvi katika mji wa Falkirk, Scotland, juu ya kumchagua mtu wa kusimama kwa ubunge. Unite kilishtakiwa kwamba kinaingiza watu chamani kwa hila, na baadaye chama chenyewe kikasema hakuna kosa lililofanyika. Lakini Ed alikuwa amekwisha kuahidi mabadiliko. Mwezi wa Machi 2014 mkutano maalum ulifuta mafungu matatu, ukaweka kanuni ya mtu mmoja kura moja. Tangu hapo mwanachama wa chama cha wafanyakazi akitaka kumchagua kiongozi wa Labour alipaswa kujiandikisha yeye mwenyewe. Theluthi ya wafanyakazi ikafutwa na yule yule aliyepandishwa nayo.

Je, huo ulikuwa usaliti? Wako waliosema hivyo. Sisi hatusemi, kwa sababu jambo lililetwa mbele ya mkutano, likajadiliwa, na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi wenyewe walikuwamo. Wabunge nao walipoteza theluthi yao. Tunasema hivi: haki isiyotumiwa na wenyewe ni rahisi kuondolewa, na anayeiondoa haoni haya.

Na hao ndugu wawili? David alikubali matokeo, lakini alikataa kukaa katika baraza la nduguye. Mwaka 2013 aliacha ubunge akaenda New York kuongoza shirika la kuwasaidia wakimbizi. Wahenga walisema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Labour ililikuta shamba hilo limegawanyika, na chama kikakosa kazi ya mmoja wa watu wake wenye ujuzi kwa sababu majeraha ya uchaguzi hayakufungwa. Hapa ndipo tunapowalaumu wote wawili, si kwa kushindana bali kwa kutorudi katika kazi moja baada ya kushindana. Kura ikiisha, aliyeshinda amtafutie mwenziwe mahali, na aliyeshindwa apakubali. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Maadui wa Labour waliutumia ugomvi huo mpaka mwisho. Katika kampeni za mwaka 2015 Waziri wa Ulinzi, Bw. Michael Fallon wa Conservative, aliandika kwamba mtu aliyemtenda hivyo ndugu yake ataitenda hivyo na nchi. Labour ilipata viti 232 tu, na Ed akajiuzulu.

Sasa tazameni yaliyotokea ndani ya chama cha huyo aliyesema maneno hayo, hata miaka miwili haijapita.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Waziri Mkuu, Bw. David Cameron, akatangaza kwamba ataondoka. Bw. Boris Johnson na Bw. Michael Gove walikuwa wameongoza pamoja kampeni ya kutoka. Johnson akajiandaa kugombea uongozi, na Gove ndiye aliyeshika usukani wa maandalizi hayo. Alikaa naye, akajua mipango yake, wafuasi wake na upungufu wake. Kisha asubuhi ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka majina, saa chache kabla ya mlango kufungwa, Gove alitangaza kwamba Johnson hafai kuongoza, na kwamba yeye mwenyewe anasimama. Siku hiyo hiyo Johnson akajitoa.

Huu ndio usaliti, ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama Gove aliona Johnson hafai, alikuwa na kila nafasi ya kusema hivyo mapema, au kukataa kumtumikia. Badala yake alikaa mezani kwa mwenziwe mpaka saa ambayo mwenziwe hakuweza tena kujitengeneza. Wala hakupata alichokitaka. Wabunge wa Conservative walimpa kura 48 mara ya kwanza na 46 mara ya pili, akatolewa. Bibi Theresa May na Bibi Andrea Leadsom wakabaki, Bibi Leadsom akajitoa, na tarehe 13 Julai Bibi May akawa Waziri Mkuu.

Wengi huhesabu hasara ya Johnson peke yake. Lakini huyo hakuhitaji huruma yetu, kwani miaka mitatu baadaye alikipata kiti. Hasara ni ya wanachama wa kawaida wa chama kile. Kanuni zao ziliwapa haki ya kuchagua kati ya wawili wa mwisho. Mwaka 2016 hawakupiga kura hata moja. Wakubwa walichimbiana mashimo, wakaangushana, wakajitoa, na mwanachama aliyelipa ada yake akasoma matokeo gazetini kama mpita njia.

Basi hiyo ndiyo mizani tunayowapa. Katika shindano la Labour maneno yalisemwa mbele za watu, na wanachama wakaamua. Katika lile la Conservative mambo yalipikwa chumbani, na wanachama wakanyang'anywa uamuzi. Usiulize kwanza kama wagombea ni ndugu, au marafiki, au watu wa kijiji kimoja. Uliza kama mgombea amesema nia yake wazi na mapema. Uliza kama ametumia siri alizoaminiwa ili kumwangusha aliyemwamini. Uliza kama baada ya mambo yake wewe mwanachama bado una kura mkononi.

Sisi huku tunazo chaguzi zetu katika matawi, na kila zinapokaribia huja watu wa kunong'ona langoni na kantini. Anayetaka uongozi na aje mkutanoni aseme mbele ya katibu aliyepo: "Nagombea kiti chako, na sababu zangu ni hizi." Katibu naye asimwite adui wala asimpeleke jina lake kwa mwajiri. Mwenye kumpeleka mwenziwe kwa mwajiri kwa sababu ya kiti, huyo ameuza tawi zima.

Na wewe mwanachama, usikae nyumbani siku ya kura halafu ukalalamika kiwandani. Wenzetu wa Uingereza walikuwa na theluthi ya chama kizima, na wengi wao hawakuinua kalamu. Leo hawana theluthi hiyo. Leta kadi yako iliyolipiwa ada, njoo mkutanoni, na upige kura.