Mkono Mmoja Haulei Mwana: Chekechea ni ya Kijiji au ya Kaunti?

KATIKA nchi yetu hakuna shule iliyo karibu na wananchi kuliko shule ya chekechea. Shule ya upili aghalabu iko mbali, na chuo kikuu ni mbali zaidi. Lakini chekechea iko pale pale penye soko, kanisa au msikiti, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hawezi kwenda mwendo mrefu asubuhi na kurejea mchana juani. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo shule hii ilikuwa mali ya kijiji. Wanakijiji ndio waliotoa kiwanja, wakasimamisha kuta, wakamtafuta binti aliyesoma kidogo awe mwalimu, na akina mama wakapokezana zamu ya kupika uji.

Siku hizi mambo ni mengine. Katiba ya mwaka 2010 iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, na tangu kaunti zote 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, madarasa mapya ya mawe yamejengwa hata mahali ambapo watoto walikuwa wakisomea chini ya mti. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, liko swali ambalo wanasiasa hawaliulizi wanapokata utepe mbele ya majengo hayo: Je, shule ikiwa ya kaunti, imeacha kuwa ya kijiji? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mtoto wa maskini atapata mwalimu na uji, au atapata kuta tupu zilizopakwa rangi.

CHANZO CHAKE

Malezi ya mtoto mdogo hayakuletwa na Mzungu. Tangu jadi nyanya alikuwa mwalimu wa kwanza, na masomo yake yalikuwa hadithi, vitendawili na michezo ya kuhesabu kokoto. Huku Pwani, mtoto wa miaka minne au mitano alipelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akakaa mkekani na wenzake wa mtaa mmoja. Mwalimu huyo hakuwa mtumishi wa serikali. Wazazi ndio waliomtunza kwa walichokuwa nacho.

Shule ya nasari kama tuijuavyo leo ilizaliwa katika dhiki. Ilionekana kwanza katika mashamba makubwa ya walowezi, ambako vibarua walihitaji mahali pa kuwaacha watoto. Kisha katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, na akina mama wakalazimishwa kuchimba mahandaki. Watoto walikusanywa pamoja ili walindwe na kulishwa wakati mama zao wako kazini.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita wananchi kwenye Harambee, na shule za chekechea zikachipuka kama uyoga baada ya mvua. Kwa miaka mingi hazikuwa hata chini ya Wizara ya Elimu. Zilihesabiwa kuwa mambo ya ustawi wa jamii na utamaduni, mpaka mwaka 1980 zilipohamishiwa wizara hiyo. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, iliendesha mradi wa kuwafunza walimu wa chekechea wakiwa kazini. Kutokana na mradi huo kilizaliwa, mwaka 1984, kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Yafaa tukumbuke kwamba mradi ule haukuja kuwanyang'anya wanakijiji shule zao. Ulimwendea mwalimu pale alipokuwa, ukamwongezea ujuzi.

MFANO WA MOMBASA

Mfano mzuri zaidi wa shirika la aina hiyo ulianza Mombasa katika miaka ya 1980. Wazee wa Kiislamu waliona kwamba watoto wao wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, na wakati huo huo hawakutaka watoto wapoteze dini na mila. Wakaomba msaada kwa Wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said ndiye aliyepewa kazi ya kuuanzisha mpango huo, ambao uliunganisha mafunzo ya dini na mafunzo ya chekechea.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Kijiji kilichotaka shule kilifanya mapatano na kituo cha Madrasa. Kijiji kilitoa mahali, kikachagua kamati na kikawateua wanawake wa pale pale wafunzwe ualimu. Kituo kilitoa mafunzo, kikawatembelea walimu na kuifundisha kamati namna ya kuweka hesabu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya karibu kama makombe ya pwani, vifuu vya nazi na vifuniko vya chupa. Mpango ukavuka mipaka ukafika Zanzibar na Uganda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watoto wa nchi hizo tatu ulionyesha kwamba waliosoma chekechea waliwapita waliobaki nyumbani katika maarifa, na waliosoma katika shule za Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi.

Lakini hata huko, kulikuwa na jambo moja lililowasumbua wanakamati daima, nalo ni mshahara wa mwalimu. Shule zilizohitimu zilisaidiwa kuweka akiba ya fedha ili faida yake imsaidie mwalimu, maana ilidhihirika kuwa karo za wazazi peke yake hazitoshi. Basi tunajifunza mambo mawili hapa. Kijiji kina uwezo mkubwa wa kuendesha shule, lakini kijiji maskini hakiwezi kulipa mshahara wa haki mwezi baada ya mwezi.

PIGO LA MWAKA 2003

Mnamo Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi, ikatoa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Taifa zima lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini chekechea haikuhesabiwa. Ikawa darasa la kwanza ni bure na nasari ni ya kulipia.

Mzazi mwenye watoto wanne na shamba dogo alifikiri kama mtu yeyote angefikiri. Kwa nini alipe karo ya mtoto wa miaka minne, hali akimweka nyumbani miaka miwili atasoma bure? Wengine wakawaweka watoto nyumbani, kisha wakawapeleka moja kwa moja darasa la kwanza. Mwalimu wa chekechea, ambaye riziki yake ilikuwa ile karo, alibaki na watoto wachache na mfuko mtupu. Hapo ndipo tuone hatari ya kupanga masomo kwa vipande: ukiitengeneza ghorofa ya juu peke yake, msingi huanza kupata nyufa.

KAUNTI NA KIJIJI

Katiba mpya ilitarajiwa kuziba nyufa hizo. Kaunti zilianza kuajiri walimu wa chekechea, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria maalumu ya elimu hiyo. Katika mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, mtoto wa miaka minne huingia darasa la PP1, na mwaka unaofuata PP2, kabla ya kufika gredi ya kwanza. Hivyo chekechea si kitu cha hiari tena. Ni ngazi ya kwanza ya masomo ya taifa.

Lakini tutazame hali ilivyo. Mara nyingi chekechea ya umma iko ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu na walimu wa msingi wameajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, iliyo chini ya taifa. Mwalimu wa chekechea, anayefundisha hatua ishirini kutoka ofisi hiyo, ameajiriwa na kaunti, mara nyingi kwa mkataba, na malipo yake hutofautiana kaunti hadi kaunti. Si ajabu kwamba mara kwa mara walimu hawa wameandamana kudai masharti bora ya kazi. Serikali mbili zinapotupiana mzigo, wahenga walikwisha kutuambia: wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Na wanakijiji je? Wengi wamerudisha mikono yao mifukoni. Ukuta ukipata ufa, watu husema, “Hiyo ni ya gavana.” Uji ukikosekana, mama wa zamu hayuko tena, kwa kuwa aliambiwa kila kitu sasa ni bure. Mtoto wa miaka minne asiyekula tangu usiku hawezi kushika wimbo wala hesabu. Atasinzia, na hata jengo la mamilioni halitamwamsha. Nairobi, serikali ya kaunti ilianza mwaka 2023 mpango wa chakula cha mchana katika shule za umma, zikiwamo za chekechea, ambapo mzazi hutoa shilingi 5 tu kwa sahani na kaunti na washirika wake hubeba gharama iliyobaki. Shilingi tano hizo ni kidogo sana, lakini zina maana: mzazi bado ana mkono wake katika sufuria.

LUGHA YA NYUMBANI

Liko jambo jingine ambalo kaunti haiwezi kulinunua kwa zabuni. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, maoni ya serikali yamekuwa kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha inayosemwa mahali anapokaa, na Kiswahili kitumike palipo na mchanganyiko wa makabila. Twajua sote kwamba haifanyiki hivyo. Na hapa tusiilaumu serikali peke yake. Wazazi wenyewe humdharau mwalimu anayeimba na watoto kwa lugha ya nyumbani, wakamsifu yule anayewakaririsha Kiingereza wasichokielewa na kuwapa kazi ya kuandika usiku. Wenye uwezo huwahamishia watoto nasari za kulipia kwa sababu hiyo hiyo.

Ilhali utajiri wa lugha ya nyumbani umejaa kijijini, tena bila malipo. Nyanya mwenye hadithi yuko. Fundi anayejua kufuma vikapu yuko. Wakialikwa chekechea hata mara moja kwa wiki, watoto watapata somo ambalo hakuna afisa wa elimu awezaye kulileta kwa gari.

YAFAAYO KUFANYWA

Mshahara wa mwalimu hauna budi kuwa mzigo wa serikali, kwa masharti ya kudumu yanayolingana kaunti zote, kwa sababu historia imetuonyesha kwamba kijiji hakiwezi kuubeba. Hazina ya taifa nayo imtengee mtoto wa chekechea fungu lake, kama inavyomtengea ndugu yake wa shule ya msingi. Lakini kamati ya wazazi irudishiwe nguvu zake: ijue ni fedha ngapi zimeletwa, ione kama mwalimu anafika, na ipange zamu za uji. Kaunti ilete unga na sukari, kijiji kilete kuni, maji na mpishi.

Mkono mmoja haulei mwana. Kwa miaka mingi kijiji kiliwalea watoto hawa peke yake kikachoka. Kaunti ikijaribu nayo kuwalea peke yake, itachoka vivyo hivyo, na gharama ya uchovu huo italipwa na mtoto ambaye hana kura wala sauti, na ambaye mwaka wake wa nne haurudi tena.