Katuni za Enzi Zetu Hazikuwa Takatifu

Wazazi wa rika langu wakikutana, iwe msibani au kwenye kikao cha harusi, haichukui muda mazungumzo hufika kwa watoto na televisheni, na hukumu hutolewa kabla ya ushahidi. Katuni za siku hizi zimeharibika. Ni biashara tupu, ni fujo tupu, hazina funzo. Zetu ndizo zilikuwa katuni! Na jina linalotajwa mbele ya yote ni He-Man, kwa sababu kila kipindi kilipokwisha mhusika mmoja alijitokeza, akatutazama usoni na kutuusia kuhusu ukweli, subira, au kuwasikiliza wazazi.

Hoja hiyo naikataa, na naikataa nikiwa mtu anayempenda He-Man mpaka leo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo sisi tulimjua kwanza kwa mikanda ya video, kwa jirani mwenye deki, watoto wa mtaa mzima tumebanana sakafuni na mwenye nyumba akitukaripia tusiguse waya. Hivi karibuni nimeikalia tena, kipindi baada ya kipindi, sasa nikiwa na watoto wangu. Imenigusa upya. Lakini kilichonigusa sicho kinachosifiwa vikaoni, na kinachosifiwa vikaoni hakikuwapo.

Tuanze na asili yake. Stelingi wetu hakuzaliwa hadithini, alizaliwa kiwandani. Mattel, kampuni ileile ya Barbie, ilianza kuuza midoli ya Masters of the Universe mwaka 1982. Katuni yenyewe, iliyotengenezwa na studio ya Filmation, ilianza kuonyeshwa mwaka 1983. Mdoli ulitangulia, hadithi ikafuata kuuelezea. Hata Battle Cat, yule simbamarara wa kijani tuliyekuwa tukimpigania nani atakuwa yeye mchezoni, ana historia ya bohari: Mattel walikuwa na kalibu ya simbamarara iliyobaki kwenye midoli yao ya zamani ya Big Jim, iliyokuwa mirefu zaidi. Wakamtoa, wakampaka kijani, wakamtandika tandiko. Kwa kuwa kando ya He-Man alionekana jitu, akafanywa kipando. Uamuzi ule uliokoa gharama ya kutengeneza kalibu mpya, na sisi tukaupokea kama utenzi.

Haikuwa kawaida kumfanyia mtoto hivyo. Mwaka 1969, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliikemea katuni ya Hot Wheels, magari madogo ya Mattel haohao, kwa sababu kipindi kizima kilikuwa tangazo lililovaa nguo za hadithi. Mwaka uliotangulia, huko Massachusetts, mama mmoja aitwaye Peggy Charren alikuwa ameanzisha chama cha kutetea watazamaji wadogo, Action for Children's Television, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakukaa kimya. Kisha akaja Rais Reagan, na mwenyekiti wake wa Tume, Mark Fowler, aliyeona televisheni ni kifaa cha nyumbani tu kama kibaniko cha mkate, tofauti yake ina picha. Masharti yakalegezwa, na mwaka 1984 Tume ikafuta mwongozo wake wa kupunguza matangazo kwenye vipindi vya watoto. Charren alilalamika kwamba katuni za aina hii ni matangazo ya nusu saa. Bunge la Marekani lilikuja kuweka kikomo cha muda wa matangazo kwenye vipindi vya watoto mwaka 1990. Wakati huo He-Man alishamaliza kazi yake na fedha zilishaingia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu unayesema za siku hizi ni biashara tupu, unalinganisha na nini? Hebu tazama kipindi chochote ukiwa na macho ya mtu anayelipa ada. He-Man yupo mlimani, hatari imekaribia, na ghafla hadithi inasimama ili tuone Wind Raider ikipaa, mabawa yake, pua yake ya dhahabu, nanga yake ikifyatuka mbele. Picha inakaa pale muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji. Chombo kinatajwa kwa jina lake kamili. Mtoto wa Marekani alikwenda dukani wikiendi akakikuta kwenye boksi, kwa jina hilohilo. Siye wa huku hatukuwa na duka hilo, tukabaki na hamu tu; nadhani ndiyo maana tunaikumbuka kama hadithi safi. Hatukuuziwa kwa sababu hatukuwa na hela, tukadhani hatukuuziwa kwa sababu watengenezaji walikuwa watu wa maadili.

Na yale mawaidha ya mwisho? Nayaheshimu kwa kiasi chake. Lou Scheimer, mmoja wa waanzilishi wa Filmation, alikuwa na mazoea ya kuweka mafunzo kwenye katuni zake tangu Fat Albert ya mwaka 1972, na kwa He-Man waliajiri mshauri wa elimu. Simtuhumu kwa unafiki. Lakini mawaidha yale yalikuwa pia ngao. Mtu akilalamika kwamba mnamuuzia mtoto midoli mchana kweupe, jibu lipo tayari: tunamfundisha tabia njema. Ukiyasikiliza sasa, mengi yamening'inia tu, hayana mizizi katika kilichotangulia. Sijawahi kukutana na mtu wa rika langu anayeweza kunitajia mawaidha matatu na vipindi yalimotoka. Wanakumbuka kwamba yalikuwapo, na kuwapo kwake ndiko wanakokuita maadili.

Wengine husema hakukuwa na ukatili. Ni kweli upanga wa He-Man haukumkata kiumbe hai. Ulikinga miale na kupasua mashine, kwani vituo vya televisheni visingekubali zaidi. Sisi tulitoka pale tukachukua fimbo na kupigana kama kawaida.

Ugumu wa watetezi wa zamani ni kwamba wanasifu vilivyobandikwa juu na kuviacha vya thamani vilivyo ndani. Kwa sababu vipo, na ndivyo vilivyonifanya nikae usiku nikiangalia peke yangu baada ya watoto kulala.

Mfikirie Adam, mwana wa mfalme. Amebeba siri kwamba yeye ndiye He-Man, siri inayojulikana na watu watatu tu: Sorceress, Man-At-Arms na Orko. Ili siri isitoke lazima ajifanye mvivu, mwoga, mpenda usingizi. Baba yake, Mfalme Randor, anamtazama na kuona mrithi aliyeharibika. Kipindi baada ya kipindi mfalme anaokolewa na He-Man, anamshukuru He-Man, kisha anageuka kumsikitikia mwanawe ambaye hakuonekana vitani. Na Adam ananyamaza. Nilipokuwa mtoto nilingoja tu ainue upanga. Sasa namtazama Randor. Naona baba mwema kabisa asiyemjua mtoto anayelala chini ya paa lake, na sioni funzo lolote la mwisho lililowahi kugusa jambo hilo. Kuna kipindi ambapo mama, Malkia Marlena, anadokeza kwamba huenda anajua. Kidokezo tu, halafu basi. Ni maandishi ya mtu aliyekaa na kufikiri.

Au chukua "Teela's Quest", kilichoandikwa na Paul Dini. Teela, binti aliyelelewa na Man-At-Arms, anatoka kumtafuta mama yake. Anagundua ni Sorceress, mlinzi wa Ngome ya Grayskull, ambaye amekuwa akionana naye siku zote. Mama anamkumbatia, kisha anamfuta kumbukumbu hiyo kwa usalama wake. Teela anarudi nyumbani hajui. Vipindi vinavyofuata wanakutana tena, mama anamwita kwa jina kama anavyowaita wengine. Katuni ya kuuza midoli, nawaambia, imebeba uchungu ule wa mama anayemwona mwanawe kila siku na hawezi kumwita mwanangu.

Kipo pia "The Problem with Power". Skeletor, adui wa He-Man, anapanga hila ili He-Man aamini kwamba katika pambano ameua mtu asiye na hatia. Hakuna anayemlaumu kwa sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Anarudi kuwa Adam na kuutupa upanga. Tazama kinavyofanya kazi: shujaa anaacha nguvu zake kwa sababu anadhani zimemdhuru mnyonge. Kwa watoto wa Afrika Mashariki, waliokulia wakiona wenye nguvu hawaachii hata kiti, lile lilikuwa funzo zito, na halikuhitaji mtu kusimama mwishoni kutuelezea.

Mambo haya yaliandikwa na vijana ndani ya kiwanda chenye haraka. Vipindi 65 kwa msimu mmoja, picha zilezile zikirudiwa ili kubana gharama. Ukiangalia vipindi viwili mfululizo utaona He-Man anakimbia mkimbio uleule, anatupa jiwe lilelile. Lakini Dini alikwenda kuandika Batman: The Animated Series, na mwenzake J. Michael Straczynski akatengeneza Babylon 5. Wema wa katuni ile ulitoka kwa waandishi waliokataa kuandika vibaya ingawa waliagizwa kuuza bidhaa. Sifa ni yao, si ya "enzi".

Nyote mnaosema utoto wenu unaharibiwa mlijionyesha mwaka 2021, Kevin Smith alipoleta Masters of the Universe: Revelation kupitia Netflix. Sehemu kubwa ya mwanzo ilimweka Teela katikati, na watu wazima wenye ndevu wakapiga kelele duniani kote kwamba He-Man amenyang'anywa hadithi yake kwa ajenda mpya. Ajenda gani mpya? Mwaka 1983 Teela alikuwa na hadithi nzito kuliko zote mle ndani. Walioitetea katuni ya zamani kwa ukali ule walikuwa hawajaitazama tangu wang'oke meno ya utoto.

Na wakati huohuo wanapita bila kutazama kilicho mbele yao. Mwaka 2023 ilitoka Supa Team 4, kazi ya Malenga Mulendema wa Zambia, wasichana wanne wanaoulinda mji wa Lusaka wakiongozwa na mama mtu mzima aliyewahi kuwa jasusi. Dar es Salaam imetoa Ubongo Kids tangu 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nyimbo na wanyama wanaoongea kama tunavyoongea. Sisi tulikaa sakafuni kwa jirani tukifuata maneno ya Kiingereza ambayo nusu yake hatukuyaelewa. Mtoto wa leo anacheka papo hapo kwa lugha ya nyumbani kwao, halafu anaambiwa na baba yake kwamba zake hazina maana.

Zipo mbovu leo, zipo nyingi. Zipo video zinazoonyesha mtu akifungua boksi la mdoli kwa nusu saa nzima, bila hata hadithi ya kusingizia. Hizo ni wajukuu halali wa He-Man, wametokana na ukoo uleule wa 1982. Anayezikasirikia ana haki. Basi azikasirikie kwa jina lake: uuzaji kwa watoto. Charren alijua anapambana na nini, akawaandama waliotunga kanuni, hakupoteza muda kusifia katuni za utoto wake.

Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu kikaoni, kaa na mwanao mtazame vipindi vitatu vizima vya katuni anayoipenda, bila simu mkononi. Kisha mtazame pamoja vitatu vya He-Man. Halafu njoo tuzungumze.