Andalio la kununua halimfundishi rubani kuruka mawinguni

ANGA NA WATU
Na Asha Kimweri

Leo nasema na vijana wetu walioko Marekani wakisomea ukufunzi wa urubani, hasa wanaotafuta kibali cha kufundisha kurusha ndege kwa geji peke yake, bila kuona nje. Maandalio ya somo kwa ajili ya kibali hicho yanauzwa yakiwa tayari. Unalipa, unapata faili zima: malengo, vifaa, muda, kazi ya mkufunzi, kazi ya mwanafunzi, vigezo vya kumaliza. Unabadilisha jina la juu, unakwenda kwenye mtihani. Nawaomba sana msifanye hivyo.

Mwalimu yeyote aliyepita chuo cha ualimu analijua andalio la kunakili. Daftarini limekamilika, mkaguzi akija linapita, lakini mtoto akiuliza swali la pembeni mwalimu anageukia ubao. Darasani hasara yake ni kipindi kimoja. Ndani ya wingu ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza jaribio walilofanya kwa marubani 20 wasio na mafunzo ya geji. Waliwekwa katika hali ya kutoona nje, kana kwamba wameingia mawinguni. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Chanzo kiko sikioni. Ndani ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji ambavyo huujulisha ubongo kwamba kichwa kinageuka. Zungusha ndoo ya maji: mwanzoni maji hubaki nyuma, kisha huzunguka sawasawa na ndoo. Ndege ikikata kona moja kwa muda, majimaji ya sikioni nayo hufika hapo, na rubani huhisi kwamba ananyooka. Akiinyoosha kweli, sikio humwambia amegeukia upande wa pili, naye anairudisha kwenye kona ileile iliyokuwa ikimpeleka chini. Ndege ikiinama taratibu sana, sikio halitoi habari yoyote tangu mwanzo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo kaburi la jambo hili. Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala kwenda Nairobi ikaanguka kwenye vinamasi vya mikoko karibu na uwanja. Watu wote 114 walifariki. Uchunguzi wa Kameruni ulieleza kwamba ndege iliinamia kulia taratibu gizani, nje hakukuwa na cha kuonekana, otopailoti iliyodhaniwa imeshika haikuwa imeshika, na geji hazikufuatiliwa. Onyo la kuinama lilipolia, kapteni alikuwa ameshapoteza mwelekeo. Hawa walikuwa marubani wenye leseni, waliokwisha kufundishwa na kufaulu. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema andalio ni karatasi tu ya kumridhisha mtahini, naumia.

Katika andalio lote, sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile inayopewa mistari michache mwishoni: makosa ya kawaida ya mwanafunzi. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, humtaka mkufunzi mtarajiwa aweze kuyaeleza makosa hayo katika kila zoezi. Andalio la kununua linayaorodhesha vizuri: kukazia macho geji moja, kuisahau nyingine, kuiamini moja kupita zote. Ila orodha haikuambii kosa linaanzaje. Kijana aliyeandika mwenyewe atakuwa ameketi akamfikiria mwanafunzi wake anapotoka kwenye kona. Dira inakaribia namba aliyoagizwa, macho yameganda hapo, mkono umelegea, na altimita inashuka bila yeye kujua. Basi ataandika: kabla hajanyoosha, mwulize yuko futi ngapi.

Chukueni pia somo la geji zilizoharibika. Katika ndege nyingi za zamani za mafunzo, pampu ya vakyumu ikifa, upeo wa bandia, yaani geji inayoonyesha ndege imeinamaje, na geji ya mwelekeo hupotea. Mazoezini mkufunzi huzifunika kwa kipande cha mpira na mwanafunzi anajua papo hapo zipi asizitazame. Hitilafu ya kweli haina adabu hiyo. Jairo, kile kizungukacho ndani ya geji, hupungua kasi kidogo kidogo, upeo wa bandia unalala pole pole, na rubani mtiifu anaufuata. Kinachopaswa kufundishwa hapo ni kushuku: kulinganisha geji hiyo na zile zisizotegemea pampu, na kuamua ipi inadanganya. Nani ataliandika hilo kama si mtu aliyekaa akalifikiria? Tena zipo ndege za mafunzo ambazo geji zake kuu sasa ni skrini zisizotumia vakyumu kabisa. Andalio la kununua halijui utafundishia ndege ipi.

Mtaniambia muda hautoshi na kila saa ya ndege ina bei. Ni kweli, na wazazi wengine wameuza viwanja. Lakini kuandika kunafanyika mezani. Halafu tazameni hesabu ya mwanafunzi wenu. Kanuni za FAA zinamtaka awe na saa 40 za kurusha kwa geji, na kati ya hizo zinazolazimu awe na mkufunzi mwenye kibali ni 15. Zilizobaki anaweza kuzipata akiwa na rubani mwenzake wa kuangalia nje. Saa 15! Mkufunzi anayesoma faili la mtu mwingine anazimaliza kabla hajajua mwanafunzi wake anakosea wapi.

Anzeni na somo la sikio, kabla ya mambo ya kutua kwa geji. Liandikeni kwa Kiswahili kwanza kama ndiko mnakofikiria vizuri, kisha mlipeleke kwenye Kiingereza. Mwanafunzi afumbe macho, mkufunzi aigeuze ndege taratibu, ainyooshe, amwulize wanaelekea wapi, ndipo mwanafunzi afumbue macho atazame geji. Alichojibu kiandikwe kwenye andalio jioni hiyohiyo, na somo la pili lianzie kwenye jibu hilo.